UKOO: RUFAA YA VIJANA

Jumatano

18:52 Mama Kulwa: Wanandugu habari za jioni. Hukumu ya vijana wetu watatu ya kunyongwa kwa mauaji ilisomwa tarehe 7, leo ni 26. Siku zinayoyoma. Mchango wa wakili ni laki moja kila nyumba, mwisho kesho jioni. Naomba kila mtu aseme yupo.

18:58 Mama Kulwa: Naona tiki za bluu kumi na nne.

19:10 Mama Kulwa: Kumi na saba sasa. Mnasoma mnakaa kimya.

19:21 Doto: Mama tupo, tunakula

19:22 Shemeji Sengerema: Mnakula nini?

19:22 Doto: Furu, visamaki vidogo. Sato wakubwa tumemwachia wakili 😂

19:23 Mama Kulwa: Doto, ndugu yako yuko gerezani Butimba amevaa nguo za kunyongwa, wewe unacheka.

19:31 Mjomba Karani: Poleni wote. Wakili atafuata, kinachotangulia ni notisi ya rufaa, yaani taarifa ya maandishi kwamba mnakata rufaa. Kwenye jinai notisi ndiyo inayoianzisha rufaa yenyewe, na ni siku 30 tangu hukumu kusomwa, si tangu kupewa nakala. Watu wengi hupotelea hapo: wanakaa kusubiri nakala mpaka muda unakatika. Siku ya 30 ni tarehe 6, nayo ni Jumapili, kwa hiyo hesabuni Ijumaa.

19:33 Mjomba Karani: Kila mmoja ajaze ya kwake, aweke sahihi au dole gumba, aikabidhi kwa mkuu wa gereza, iandikwe tarehe iliyopokelewa. Karatasi ikichelewa njiani, tarehe ile ndiyo itawaokoa. Ndani iwe na namba ya shauri kama ilivyo kwenye hukumu, jina la jaji, tarehe, kosa, adhabu, na kwamba anapinga hatia na adhabu. Kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu, kunyongwa, kwa hiyo kupinga adhabu peke yake ni kuharibu wino.

19:36 Baba Mdogo Kisesa: Ada ya kufungulia ni kiasi gani?

19:37 Mjomba Karani: Hakuna. Rufaa ya jinai haina ada. Mtu akikwambia lete ya muhuri, ujue anakula yako.

19:38 Mama Kulwa: Na tukichelewa kaka?

19:40 Mjomba Karani: Mnarudi Mahakama Kuu kuomba kuongezewa muda, kwa kiapo kinachoeleza kila siku mliyochelewa. "Hatukuwa na nauli" huwa haitoshi. Afadhali kuwahi.

19:44 Mama Kulwa: Mmesikia. Sasa wakili. Niliyeongea naye hapa mjini anataka milioni tatu na nusu kwa vijana wote watatu. Nyumba zilizotoa mpaka sasa: yangu, ya Shemeji nusu. Basi.

19:47 Mjomba Karani: Wa kunyongwa hawezi kukosa wakili, Mahakama ya Rufani inampangia kwa gharama za serikali. Kwa hiyo pesa isiwe sababu ya kulaza notisi.

19:48 Mama Kulwa: Wa kupangiwa tulishamwona kwenye kesi. Alionana na vijana asubuhi ile ile.

19:50 Mjomba Karani: Sibishi. Ila kumlipa mmoja awasimamie watatu, hapo siko pamoja nawe dada. Wale hawana kesi moja.

19:50 Mama Kulwa: Watoto wa ukoo mmoja, mashtaka mamoja, hukumu moja. Mbona hawana kesi moja?

19:58 Mjomba Karani: Soma hukumu yenyewe. Wa kwanza ametiwa hatiani kwa kutambuliwa usiku na shahidi mmoja. Kulwa, ambaye ni wa pili, kwa maelezo yake ya onyo, yaani aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa. Wa tatu, kwa maelezo hayo hayo ya Kulwa kumtaja, na panga lililokutwa nyuma ya zizi. Kila mmoja mlango wake wa kutokea ni tofauti.

20:03 Shemeji Sengerema: Yule shahidi alisema amemtambua wa kwanza kwa jezi ya Simba

20:04 Doto: Jezi ya Simba kijijini kwetu hata mbuzi wanayo

20:04 Shemeji Sengerema: 😂😂 na mwenyekiti wa kitongoji naye akamatwe

20:05 Doto: Yeye Yanga, angepona

20:09 Mjomba Karani: Chekeni, lakini hoja ipo. Tangu kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, 1980, mahakama inauliza: alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, alimjua kabla? Yule alisema "mbalamwezi na taa ya sola", basi. Hakusema hatua ngapi wala taa ilikuwa upande gani. Kumjua mtu hakutoshi, hata ndugu hukoseana gizani. Halafu jina alilitaja polisi siku ya tatu. Kama alimwona, kwa nini watu walipokuja na yowe hakuwaambia? Mwenyekiti aliyefika wa kwanza hakuitwa hata kutoa ushahidi.

20:12 Baba Mdogo Kisesa: Mbalamwezi ipi? Wa kwanza alikuwa kwenye dagaa usiku ule. Dagaa huvuliwa giza. Mwezi ukiwaka mitumbwi inalala ufukweni, karabai haziwavuti.

20:15 Mjomba Karani: Kweli, ila kwenye rufaa hatuleti kalenda mpya. Kinachosomwa ni mwenendo wa kesi ulioandikwa kule chini. Bahati nzuri mwenye mtumbwi alitoa ushahidi wa utetezi kwamba walikuwa ziwani, na jaji hakuugusa kabisa kwenye hukumu. Utetezi kutopimwa ni sababu ya rufaa inayosimama yenyewe. Iandikwe hivyo, isichanganywe na malalamiko mengine.

20:17 Mama Kulwa: Na Kulwa?

20:24 Mjomba Karani: Maelezo ya onyo yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya masaa manne tangu mtu ashikwe, au muda uongezwe kwa utaratibu. Alikamatwa saa moja asubuhi, maelezo yameandikwa saa kumi na mbili jioni. Upande wa mashtaka watasema safari ya boti ya kumpeleka kituoni haihesabiwi, na ni kweli sheria inaitoa safari. Lakini boti ile ilitia nanga kabla ya saa tano, liko kwenye ushahidi wa askari mwenyewe. Maelezo yalipingwa, ikafanyika kesi ndani ya kesi kuamua kama yapokelewe, jaji akayapokea. Kwa kuwa yalipingwa kule chini, huku juu mnaweza kuyashika tena.

20:26 Mjomba Karani: Yasipoondoka, kimbilio la Kulwa ni kwamba ulikuwa ugomvi wa ghafla, pigo moja, hapakuwa na dhamira ovu, kwa hiyo ni kuua bila kukusudia. Kifungo kinaweza kufika maisha lakini kamba inaondoka. Sasa dada niambie: wakili mmoja atasimamaje kwa Kulwa aseme "walikuwepo ila walipigana", halafu ageuke kwa wa kwanza aseme "huyu alikuwa ziwani"?

20:41 Mama Mkubwa: Nilikuwa nimenyamaza. Wangu alitajwa na nani?

20:41 Mama Mkubwa: Na lile panga, hati ya kulikamata imesainiwa na nani wa humu ndani?

20:43 Baba Mdogo Kisesa: Shemeji, niliitwa na polisi nikaambiwa weka sahihi umeshuhudia. Ningekataa vipi?

20:43 Mama Mkubwa: Ungekataa.

20:44 Mama Kulwa: Dada, Kulwa alipigwa. Hayo tulishayaongea.

20:44 Mama Mkubwa: Uliyaongea wewe.

20:52 Mjomba Karani: Dada Mkubwa, wako ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Sheria ya ushahidi hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa ungamo la mshtakiwa mwenzake peke yake. Linabaki panga. Halikupelekwa kwa Mkemia Mkuu, na kila nyumba kule ina panga. Hati ya ukamataji ilipokelewa bila kusomwa kwa sauti, na hati ya namna hiyo huondolewa kwenye kumbukumbu, ingawa maneno ya askari aliyelichukua yanabaki. Sahihi ya Kisesa haikumfunga mtoto.

20:58 Shemeji Sengerema: Kwa nini tusimalize kienyeji? Tupeleke ng'ombe watano kule ng'ambo ya mto, yule shahidi aseme alikosea. Marehemu naye alijitakia, nani alimtuma kulisha mpunga wa watu

20:59 Mama Kulwa: Wazo si baya

21:01 Mjomba Karani: Ni baya. Kesi ni ya Jamhuri, familia haiwezi kuifuta. Mahakama ya Rufani shahidi haitwi, majaji watatu wanapitia upya ushahidi ulioandikwa. Mtaliwa ng'ombe, na mtapata kesi nyingine.

21:16 Babu: 🎤 1:48

21:22 Doto: Wasio na bando, Babu anasema hivi: "Asivuke mtu mto na ng'ombe. Aliyekufa ni mjukuu wa kaka yangu. Siku ya kumzika, katika nyumba zenu zote nilitoka mimi peke yangu na fimbo yangu. Rufaa kateni, ni haki ya vijana. Wasije wakaniandikia tena humu kwamba alijitakia."

21:23 Shemeji Sengerema: Nisamehe baba.

21:40 Mama Kulwa: Shikamoo baba. Tumesikia.

21:58 Wifi Igoma: Ndio nafungua simu. Akishinda rufaa anatoka siku hiyo hiyo?

22:04 Mjomba Karani: Wakimwachia, anatoka, labda awe ameshikiliwa kwa jambo jingine. Wanaweza pia kuitupa, kushusha kosa, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Hilo la mwisho halitolewi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake, msimamo wa tangu kesi ya Fatehali Manji, 1966. Na si kesho wifi. Kwanza Msajili aandae kumbukumbu za rufaa. Vijana wakishakabidhiwa, wana siku 21 za kuleta hati ya sababu za rufaa. Mzikague kurasa zote, hasa vielelezo, maana ukurasa ukikosekana rufaa inaahirishwa.

22:06 Mama Kulwa: Basi kesho Alhamisi watu wawili waende gerezani na namba ya shauri, jina la jaji na tarehe. Andikeni majina.
1. Kaka Karani
2.

22:07 Mama Kulwa: Habari ya mawakili wawili tutaongea Jumapili. Laki moja iko pale pale.

22:19 Baba Mdogo Kisesa: Mimi niko tayari, kama Shemeji Mkubwa hana neno.

22:48 Shemeji Sengerema: Kesho mnada, siwezi

Alhamisi

05:37 Mama Mkubwa: Karani nipitie. Notisi ya wangu nitaisimamia mwenyewe. Ya mchango sijasema kitu.