Naomba ushauri: kupiga picha Dunga, Kisumu, mwaka mzima

Hamjambo ndugu zangu. Tangu Januari napiga picha ufuo wa Dunga, nikisimama mahali pale pale, nionyeshe ziwa wakati wa kiangazi, masika na vuli. Nina lenzi ya milimita 300 na moyo wangu wote uko kwenye kazi hii.

Kinachonitesa ni yule ndege wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Namsikia kila asubuhi, akijitokeza ni sekunde mbili tu, kisha anazama kwenye mafunjo. Nikipiga kwa 1/1000 ya sekunde picha inatoka na chengachenga. Nikipunguza kasi, anatoka ukungu mtupu. Mliowahi kumpata, mlikaa kwenye mtumbwi au nchi kavu? Saa ngapi?

Jioni nako jua huzama upande wa ziwa, hivyo wavuvi wanabaki vivuli vyeusi. Sitaki hivyo. Nataka nyuso zao zionekane, nao wameshaniruhusu.

Halafu gugumaji: upepo ukilisukuma ufuoni, maji yote yanafunikwa. Nisubiri liondoke, au nalo ni sehemu ya ziwa letu? Mimi naona libaki.