Paka akikukanda mapajani: ni kukanda unga au kukanda mwili?

Mtoa mada, mtaa wa Mkomani:
Jamani, swali hili limegawa watu barazani kwetu Lamu, nalileta hapa. Paka akikupandia mapajani akaanza kukanyaga, mguu huu wa mbele kisha ule, huku anakoroma, tunasema "anakanda". Wenzangu wameshikilia kuwa neno limetoka kwenye unga, kwa vile vidole vinavyofumbuka na kufumba. Mimi nasema ni kukanda mwili.

Mtazameni mnyama mwenyewe. Kitoto cha paka huzaliwa macho na masikio yamefumba, lakini hapo hapo hukanda tumbo la mamake, pembeni mwa chuchu, ili maziwa yashuke. Akikua tabia haimtoki. Humrudia akitulia penye kitu laini chenye joto. Sisi nasi mzazi akijifungua tunamkanda kwa maji ya moto. Unga unaingilia wapi?

Mchangiaji, mtaa wa Langoni:
Ndugu yangu, ya maziwa nayakubali. Ila jina la kitendo huletwa na jicho. Aliyesema paka anakanda aliona vidole vikienda, basi. Habari za chuchu hakuziwaza. Na hawa wetu wanaoshinda sokoni wakingoja vichwa vya samaki, mbona hukanda hata magunia? Paka ana tezi za harufu kwenye nyayo, anaweka alama yake. Mimi ningesema anaparura.

Mtoa mada:
Hilo la kuparura silikubali kabisa. Kuparura ni kwa ugomvi, kucha nje na ngozi kuchanika. Mtoto akifundishwa kuwa paka anamparura, atampiga kofi, na paka hajui kosa lake, alikuwa anastarehe. Mji wetu una paka kila kichochoro, na watoto wanakua nao. Neno tunalowapa lina madhara yake.

Alama ya harufu sikatai, ipo. Lakini kichanga kisichoona kina mtaa gani wa kuutia alama? Maziwa yametangulia, harufu imefuata. Hata gunia, ukiligusa baada ya jua kutua utalikuta bado lina joto.

Kucha zikikuchoma, tandika kanga iliyokunjwa mapajani, au umpunguze kucha, ncha zile nyeupe tu. Usimsukume.

Ndugu zetu wa Pate, Siyu na Faza, wazee wenu husemaje paka akifanya hivi? Leteni neno lenyewe kama linavyotamkwa nyumbani.