Mshumaa wa nta ya nyuki: harufu haisikiki, moto unajizamia

NtaAsilia
Wakuu, salaam. Natengeneza mishumaa kwenye glasi za ml 200, mdomo sm 7. Kila glasi: nta ya nyuki gramu 170, mafuta ya mchaichai na karafuu gramu 9, utambi wa pamba uliosukwa. Ukiwashwa unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki, moto unazama na kuzimika. Harufu nayo mpaka usogeze pua. Niongeze mafuta? Halafu kuna duka la zawadi Zanzibar linataka ya kwenye vifuu vya nazi. Bei nipangeje?

Mzani_Kwanza
Usiongeze mafuta, hapo utapoteza hela bure. Harufu inatoka kwenye nta iliyoyeyuka. Kidimbwi kikiwa kidogo, hata uweke gramu 15 hutasikia kitu. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ikiyeyuka bado ni nzito, kwa hiyo utambi mwembamba hauwezi kuivuta.

Fanya hivi: nta 130, mafuta ya nazi 40, harufu 9 ile ile. Yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, usivuke nyuzi 80. Epua, subiri ishuke hadi 70 hivi, tia mafuta ya harufu, koroga taratibu dakika mbili, mimina. Nazi usizidishe: kwa joto la Pwani mshumaa utakuwa laini na kutoa jasho juu.

Tengeneza glasi tatu za mchanganyiko huo huo, kila moja na unene wake wa utambi. Kata utambi ubaki mm 5, washa kwa muda wa saa tatu. Unaofikisha kidimbwi ukingoni bila moshi ndio wako. Ukitoa masizi, ni mnene mno. Mweleze na mteja: siku ya kwanza asizime kabla nta haijayeyuka hadi ukingoni, la sivyo shimo litarudi pale pale.

Karafuu_Pemba
Nyongeza: chuja nta kwa kitambaa ingali ya moto. Gundi ya nyuki na mabaki ya asali huziba utambi, na hapo utalaumu utambi bure. Tone la maji likibaki, mshumaa unapasuka-pasuka ukiwaka. Kingine, nta ina harufu yake ya asali inayoufunika mchaichai. Karafuu ndiyo inayopenya. Jaribu gramu 6 za karafuu kwa 3 za mchaichai. Manukato yenye spiriti usiguse kabisa: hayachanganyiki na nta, na yanashika moto.

NtaAsilia
Shukrani wakuu. Na vifuu je?

Mzani_Kwanza
Binafsi nisingeuza. Kifuu kinanyonya nta, na nta ikiisha moto unabaki na kitu kikavu kinachowaka. Duka likipenda sura ya kifuu, wape kikombe cha bati ndani yake, na nyuzi za nje zisuguliwe zote kwa msasa.

Bei: jumlisha nta, mafuta, utambi, glasi, lebo, mkaa au gesi, na muda wako. Jumla ikiwa 6,000, duka lichukue kwa 9,000, maana nalo litaongeza lake. Glasi huwa inakula hela kuliko wengi wanavyodhani, hivyo punguza bei kwa anayerudisha tupu. Kwenye lebo usiandike "asilia 100%" kama harufu ni ya kiwandani. Andika viambato, uzito wa nta, na kwamba uzimwe ikibaki sm 1 chini.