Mita 40 kutoka transmita ya FM hadi antena: RG-58, RG-213, LMR-400 au nusu inchi?

mawimbi_ziwani
Wakuu, naomba ushauri. Ni kituo kidogo cha redio ya jamii mkoani Kagera, megahezi 98, transmita ya wati 300. Mnara una mita 30, na ukijumlisha njia ya kutoka chumba cha transmita kebo yote inafika mita 40. Iliyofungwa sasa ni RG-58. Mita ya SWR (inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka antena; 1 ni kamili) pale chini inasoma 1.5 na transmita hailalamiki, lakini vijiji vilivyo kilomita 15 vinapata mikwaruzo mitupu. Bodi inataka tununue transmita ya wati 600. Dukani kuna RG-213, LMR-400 na ile kebo nene ya nusu inchi yenye ganda la shaba lililojikunja. Kuna pia RG-6 ya madishi, bei yake ya chini sana. Tuanze na kipi?

FundiMnara
Transmita iacheni kwanza, tatizo lipo kwenye kebo. RG-58 kwenye masafa hayo inapoteza desibeli (kipimo cha upotevu wa nguvu) 16 hivi kwa kila mita 100. Mita 40 ni desibeli 6.4, maana yake katika wati 300 zinazofika kwenye antena ni kama 70 tu. Zilizobaki zinageuka joto humo humo ndani ya kebo. Mkiweka wati 600 mtapata kama 140 juu, na hiyo kebo haitavumilia: plastiki ya ndani inalainika, waya wa kati unahama taratibu pale kebo ilipopinda, mwisho unagusa wavu wa nje na kupiga shoti.

Sasa pigeni hesabu kwa wati 300 hizo hizo. RG-213 (desibeli 6.5 kwa mita 100) inafikisha kama wati 165. LMR-400 (kama desibeli 4) inafikisha 205 hivi. Nusu inchi aina ya LDF4-50 (desibeli 2.2 hivi) inafikisha 245. Kwa hiyo transmita yenu ya sasa ikiwa na kebo ya nusu inchi inaizidi mbali ile ya wati 600 inayopita kwenye RG-58.

Hiyo SWR ya 1.5 nayo isiwatulize. Nguvu inayorudi kutoka antena inapunguzwa na kebo ile ile mara ya pili. Kwa upotevu wa desibeli 6.4 kwenda na 6.4 kurudi, hata antena ikikatika kabisa mita ya chini itasoma kama 1.6! Yaani kwa kusoma chini tu, hamjui hali ya antena yenu. Pandeni na mita, mpime palepale kwenye antena kwa nguvu ndogo, wati 5 au 10, na aliyeko juu akae mbali na antena wakati transmita imewashwa.

Masafa_Hamsini
Naongezea kuhusu RG-6. Upotevu wake si mbaya, unakaribiana na RG-213. Shida ni kwamba ni kebo ya omu 75 (kipimo cha ukinzani wake kwa mawimbi), wakati transmita na antena zenu ni za omu 50. Tofauti hiyo peke yake inaleta SWR ya 1.5 na kurudisha asilimia 4 ya nguvu. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni konekta zake za F, hazikutengenezwa kubeba mamia ya wati, na karatasi yake ya alumini haishiki risasi ya kuchomea. Iacheni ifanye kazi yake ya kupokea TV.

Mkiamua RG-213, ikagueni kabla ya kulipa, maana bandia ni nyingi. Halisi ina waya wa kati wa nyuzi 7 za shaba tupu, kila uzi kama milimita 0.75, na unene wa nje milimita 10.3. Kwarueni uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Sumaku ikivuta, ni chuma. Kisha chaneni ganda la nje sentimita chache mtazame wavu. Ukiona plastiki ya ndani waziwazi kati ya nyuzi, rudisheni. Uzito nao unasema kweli: mita moja ni karibu gramu 150, hivyo mita 40 zisipungue sana chini ya kilo 6.

mawimbi_ziwani
Asanteni sana. Bajeti inafika LMR-400, nusu inchi haifiki. Nimesoma mahali kwamba alumini ya LMR-400 inaleta kelele?

Masafa_Hamsini
Hilo linahusu ripita (kituo kinachopokea mawimbi na kuyatuma tena), ambako kebo moja inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Pale karatasi ya alumini inapogusana na wavu wa shaba iliyopakwa bati, huzaliwa kelele inayomsumbua mpokeaji. Ninyi mnatuma tu, kwa hiyo chukueni.

FundiMnara
LMR-400 itawafaa. Fungeni konekta za aina ya N, na zile za aina ya PL-259 msiziweke juu ya mnara kwa sababu hazizuii maji. Koleo la kubania konekta liwe na tundu la pembe sita la milimita 10.9. Plastiki ya ndani ni ya povu, inayeyuka upesi, hivyo risasi ya pini ichomwe haraka kwa chuma chenye moto wa kutosha. Angalieni urefu wa pini: ikichomoza mno inavunja vidole vya konekta ya upande wa pili, ikizama mno haigusi. Hakikisheni hakuna unyuzi wa wavu wala kipande cha karatasi ya alumini kilichoifikia pini.

Kuziba maji ndiko wengi wanakoharibu. Anzeni na tepu ya umeme raundi moja, juu yake tepu ya mpira inayojigandisha, ivutwe hadi upana wake upungue nusu. Malizieni na tepu ya umeme tena, mkizungusha kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ipishane kama bati za paa. Kabla kebo haijaingia ndani ya jengo, iachieni tumbo la kuning'inia ili maji yadondokee hapo.

Upande wa Ziwa radi ni nyingi. Wavu wa nje wa kebo ufungwe ethi (waya wa ardhini) juu ya mnara, chini kabisa inapouacha mnara, na tena mlangoni. Kizuia radi cha gesi kisiwe cha volti 90: wati 300 kwenye omu 50 zina kilele cha volti 173, kitawaka kila mnapowasha transmita. Chukueni cha volti 350 au zaidi.

Nodi_ya_Mwisho
Mkiazima NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia kebo na antena), pimeni kebo mpya ikiwa bado chini. Mwisho wa mbali uacheni wazi, someni desibeli zinazorudi kwenye megahezi 98, mgawanye kwa mbili. Kwa mita 40 za LMR-400 kifaa kisome karibu 3.2, yaani upotevu wa 1.6. Kikisoma 6 au 7, kebo ni bandia au konekta imefungwa vibaya. Na kwa kuwa nguvu ya juu itakuwa karibu mara tatu ya sasa, someni kwanza kibali cha TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) kinaruhusu wati ngapi kwenye antena. Zikizidi, punguzeni kwenye transmita.