Mdogo wangu anafanya kazi kwenye pori la dubu huko Montana: anunue bastola gani?

Mama Furaha (Kadutu, Bukavu)

Jambo, wandugu. Naomba mawazo ya watu wanaojua jambo hili, si ya kubahatisha.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alitoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Marekani. Anaishi Missoula, jimbo la Montana. Ana miaka 23. Msimu huu amepata kazi kwenye kikundi kinachopunguza miti midogo msituni ili moto wa kiangazi usikute kuni nyingi. Watakuwa pande za Seeley Lake. Wenzake wamemwambia kule kuna dubu wale wakubwa wanaoitwa grizzly, na kwamba wao wenyewe wanabeba bastola kiunoni. Tangu siku hiyo simu yangu imejaa picha za bastola. Jana amenitumia revolva ya kaliba .500, ndefu kama mkono wa mtoto, akaandika: "Yaya, hii hata tembo anaanguka."

Mimi si mtu wa silaha. Sisi wa Bukavu bunduki tumeijua kwa upande wa mdomo wake. Nikiwaza kijana yule peke yake kwenye nyumba ya kupanga, na baridi, na mawazo ya kwetu, na bastola chini ya godoro, usingizi hauji. Lakini pia sitaki mnyama amrarue kwa sababu dada yake aliogopa. Ananisikiliza, maana nimemlea mimi. Nikisema ndiyo atanunua, nikisema hapana ataacha. Kwa hiyo nataka niseme neno ambalo nimelielewa.

Hajawahi kufyatua risasi hata moja. Ni mwembamba, mikono yake ni midogo. Mtu kama huyo bastola gani itamfaa? Na kweli bastola inamsimamisha dubu? Tena, karatasi zake ni za mkimbizi, hajawa raia. Sheria inasemaje?

Kasuku wa Birere (Goma)

Mama Furaha, nimefanya kazi ya ulinzi na silaha naijua. Mnyama mkubwa anataka risasi kubwa, hakuna hadithi nyingine. Anunue .44 Magnum au zaidi, na asikubali kudanganywa na wale wanaouza kopo la pilipili la kumnyunyizia dubu. Pilipili ni ya mbwa wa mtaani. Mnyama mwenye hasira utamnyunyizia mboga?

Papa Bahati (mtu wa Miti, sasa Montana)

Mama Furaha, jambo. Nimezaliwa Miti. Kabla ya kuhama nilikuwa pisteri pale Tshivanga, tukifuata nyayo za masokwe wa Kahuzi-Biega kwa panga na macho. Leo nakata miti huku Montana, kwenye misitu ileile anayokwenda mdogo wako. Hapa nitaongea kirefu, univumilie.

Sokwe dume akikujia mbio kule kwetu, unasimama, unainama, unatazama chini. Mara nyingi anasimama kabla hajakufikia. Dubu pia huwa anatishia akageuka, lakini si wa kuwekea dhamana. Grizzly dume wa huku bara anaweza kupita kilo 250, na anakimbia kilomita 56 kwa saa, yaani metro 15 kwa kila sekunde. Ukimshtua akiwa metro 30, una sekunde mbili. Ndani ya hizo mbili unatakiwa umwone, uamini unachokiona, ushushe msumeno, uchomoe bastola, ulenge kichwa kinachopanda na kushuka, kisha ufyatue. Ndiyo maana mimi sianzi na ukubwa wa tundu la bastola. Naanza na mkono wa kijana: unaweza kufanya nini ndani ya sekunde mbili?

Kaliba, yaani ukubwa wa tundu na risasi, wanazobeba watu wa huku ni chache. Kwa revolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ni .357 Magnum, .44 Magnum, .454 Casull, na hiyo .500 aliyokutumia. Kwa bastola ya magazini ni 10mm, hasa Glock 20, inayoingia risasi 15. Doria ya Sirius, wanajeshi wa Denmark wanaotembea na mbwa kwenye theluji ya Greenland, wamepewa hiyo Glock 20 kwa ajili ya dubu weupe. Ile .500 inabeba risasi tano tu. Ikilia, inarusha mkono juu kiasi kwamba risasi ya pili inachelewa hata kwa mtu mzoefu. Mtu ambaye hajawahi kufyatua ataanza kufumba macho kabla haijalia, na mwili ukishajifunza hofu hiyo ni kazi ndefu kuuondolea. Mwambie aitoe kwenye orodha kabisa. Ya .44 nayo si ya kuanzia.

Kama lazima abebe, na kama amefundishwa na mwalimu kwenye uwanja wa shabaha mpaka mkono umetulia, basi 10mm, au revolva ya .357 yenye uzito wa kutosha. Revolva haina mambo mengi: unavuta, inalia. Lakini zipo bastola za .357 nyepesi sana za kuficha mfukoni, hizo asiziguse, zinaumiza mkono na shabaha inapotea.

Risasi zenyewe pia zina maana kuliko watu wanavyofikiri. Zile zenye tundu kwenye pua zimetengenezwa zifunguke ndani ya mwili wa binadamu. Kwa dubu zinafunguka mapema mno, kwenye mafuta na misuli, hazifiki ndani. Huku wanatumia risasi ngumu yenye pua bapa, ipite mfupa. Mwaka 2016 kule Alaska kiongozi mmoja wa wavuvi alimuua dubu wa kahawia kwa bastola ya 9mm, kaliba ambayo wengi wanaicheka, kwa sababu risasi zake zilikuwa ngumu na yeye ameishi na dubu miaka mingi. Simwambii kijana anunue 9mm. Nasema tu kwamba mkono na risasi vilitangulia ukubwa.

Sasa nimjibu ndugu yangu Kasuku, kwa heshima. Pilipili ya dubu si ile ya mbwa. Ni kopo kubwa, linatoa wingu zito linalofika metro 7 mpaka 10, na makopo mengi yananyunyiza kwa sekunde saba hivi. Halihitaji shabaha ya sindano. Unaweka wingu kati yako na mnyama, kopo likiwa limeinama kidogo kuelekea chini, naye anaingia ndani yake kwa macho, pua na mapafu. Mwaka 2008 watafiti akina Tom Smith na Stephen Herrero walikusanya visa 83 vya Alaska ambapo watu walitumia pilipili. Kwa dubu wa kahawia, ambao ni ndugu wa grizzly, ilimzuia mnyama mara 92 kwa kila mia. Mwaka 2012 wakatoa kazi nyingine juu ya silaha, visa 269: bastola zilifaulu mara 84 kwa mia, bunduki ndefu 76. Nitasema kweli yote: hesabu hizi mbili hazifai kuwekwa kwenye mzani mmoja, maana kwenye ile ya pilipili walikuwemo dubu waliokuja kuchungulia tu, hawakuja kushambulia. Lakini kuna jambo moja kwenye ile ya 2012 ambalo sijaliacha kuliwaza. Dubu alipokuja kwa hasira, waliofyatua na wale waliokuwa na silaha bila kuitumia walitoka na majeraha kwa kiasi kilekile.

Kwa hiyo neno langu kwako ni hili: kijana mwenye mikono hiyo, asiyewahi kufyatua, anunue pilipili kwanza. Bastola ije baadaye, ikija.

Esperance (zamani Nguba, sasa Idaho)

Naingia upande wa sheria tu, kwa sababu nasaidia familia zetu kujaza karatasi.

Mkimbizi aliyepokelewa kisheria si sawa na mtu wa viza ya muda, na sheria ya shirikisho haimkatazi kumiliki silaha kwa sababu tu hajawa raia. Dukani lazima awe na miaka 21 kwa bastola, awe mkazi wa jimbo hilohilo, ajaze fomu 4473, na jina lake lichunguzwe. Ajibu kila swali kwa ukweli, akiwa na mtu anayejua Kiingereza vizuri, maana uongo kwenye fomu ile ni kosa kubwa, na kwa mtu ambaye bado anasubiri kadi ya ukazi au uraia linaweza kumharibia kila kitu. Na asikubali rafiki "amnunulie" kwa jina lake. Hilo nalo ni kosa, kwa wote wawili.

Tena: grizzly analindwa na sheria tangu 1975 kwenye majimbo yale ya chini ya Kanada. Huwezi kumpiga kwa sababu umemwona tu. Ni kujitetea maisha peke yake, na baada ya hapo ni lazima kutoa taarifa, kisha watu wa wanyamapori wanakuja kuchunguza mahali penyewe. Akitembelea hifadhi kama Glacier, tangu 2010 kubeba silaha kunafuata sheria ya jimbo, lakini kuifyatua ndani ya hifadhi ni kitu kingine, kimekatazwa.

Mama Furaha

Aksanti sana wote. Papa Bahati, nimesoma maneno yako kwa sauti mbele ya mume wangu, naye amenyamaza, kwa kawaida yake hanyamazi.

Nimempigia kijana. Alikasirika kidogo, akasema wenzake watamcheka akija na kopo. Baadaye akaniuliza maswali matatu ambayo sikuwa na jibu. Upepo ukimrudishia pilipili usoni je? Je, anaweza kupaka pilipili kwenye nguo na hema ili dubu asikaribie kabisa? Na kama kopo limeisha na dubu bado anakuja, afanye nini?

Kasuku wa Birere

Papa Bahati, hapo kwenye sekunde mbili umenifikirisha. Bado naamini bunduki ndefu kwenye mkono wa mtu aliyefundishwa. Lakini kwa kijana asiyewahi kushika, nakubaliana nawe.

Papa Bahati

Upepo: ndiyo, unapunguza umbali, na ukivuma usoni kwako utakohoa na kulia. Bado ni afadhali kuliko meno. Anyunyize tu, na baada ya hapo arudi nyuma taratibu, macho kwa mnyama, bila kukimbia.

Kupaka: asijaribu kabisa! Pilipili ikishakauka, harufu yake inaweza kumvuta dubu badala ya kumfukuza. Hii si dawa ya mbu. Inafanya kazi ikiwa wingu, machoni, wakati uleule.

Kopo likiisha na grizzly akamfikia kwa sababu ameshtuliwa au ana watoto, alale kifudifudi, begi libaki mgongoni, vidole vifungane nyuma ya shingo, miguu itawanyike asigeuzwe kirahisi, na atulie mpaka mnyama aende mbali kabisa. Kwa dubu mweusi ni kinyume: huyo akishambulia, apigane naye, puani na machoni. Rangi isimdanganye, kuna dubu weusi wenye rangi ya kahawia. Atazame bega. Grizzly ana nundu hapo.

Lakini sehemu kubwa ya usalama inatokea kabla ya yote haya. Msumeno ukizimwa, waongee kwa sauti. Wakifika kwenye kona ya kijito au kichaka kizito, wapige kelele. Mwisho wa kiangazi dubu wako kwenye matunda pori, na vuli wanakula kutwa nzima kwa ajili ya usingizi wa baridi, hapo ndipo wanakuwa hawana subira. Chakula na mafuta ya nywele visilale ndani ya hema. Mzoga wakiuona, au hata kunguru wengi wakizunguka mahali pamoja, warudi walikotoka.

Kopo likae kifuani au kwenye mkanda, upande wa mkono anaotumia. Likikaa ndani ya begi ni kama hana. Maduka yanauza pia kopo la mazoezi lisilo na pilipili: achukue moja, ajifunze kuchomoa na kutoa ile kabari ya usalama mpaka afanye bila kutazama. Aangalie tarehe ya mwisho chini ya kopo. Asiliache ndani ya gari juani, linaweza kupasuka. Na akisafiri kwa ndege asilibebe, wala mkononi wala kwenye sanduku.

Kuhusu wenzake kucheka: amuulize kwanza msimamizi. Baadhi ya kampuni haziruhusu silaha kazini hata kidogo, na hapo mjadala wa bastola unakwisha kabla hajatoa pesa. Kwenye kikundi chetu kila mtu ana kopo, na wale wenye bastola wana vyote viwili.

Mama Furaha

Amemuuliza msimamizi. Silaha haziruhusiwi kazini, na makopo kampuni yenyewe inayagawa siku ya kwanza. Hao wenzake wenye bastola kumbe wanazibeba siku za mapumziko tu, wakienda kuwinda na kuvua. La mazoezi atanunua mwenyewe Ijumaa, akilipwa. Papa Bahati, nakutumia ujumbe pembeni. Kama Jumamosi moja una nafasi, naomba ukae naye umfundishe kulichomoa.