Eti nirudi Dar nikaendeshe bajaji! Huyu muuza tairi wetu leo amenivua nguo mbele za watu

Naandika nikiwa bado ndani ya gari nje ya gereji yake, mikono inatetemeka na si kwa baridi. Simtaji. Wote mnaoishi huku Brooklyn Park mnamjua, na nusu yenu mmekanyagia tairi zake. Ni yule yule anayekuita "dada yangu wa damu" pesa ikiwa bado mfukoni mwako.

Leo, mbele ya wateja watano na yule kijana wake wa kujaza upepo, kaniambia: "Dada, tairi haina kosa. Rudi Dar ukaendeshe bajaji."

Bajaji! Mimi! Miaka kumi na moja naendesha Minnesota hii, zamu za usiku, natunza wazee wa watu, sijawahi kumgusa hata sungura barabarani. Watu wakacheka. Yule kijana wa upepo alicheka mpaka mpira wa pampu ukamponyoka.

Ilikuwa hivi. Oktoba nilimfuata nikamweleza kama ninavyomweleza daktari: natoka kazini saa kumi na moja alfajiri, gari la kukwangua theluji linakuwa bado halijapita, naishi ghorofa ya tatu na sina pa kuweka seti ya pili. Nataka tairi nne za mwaka mzima, za mvua na theluji. Akatoa tairi, akagonga ubavuni kwa kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Unaona hizi herufi, M na S? Kwa Kiingereza mud na snow, matope na theluji. Imeandikwa kiwandani, dada." Halafu akanionyesha herufi A pembeni. "Na mshiko wake ni A. Mwanafunzi bora." Nikahesabu dola 520 nikampa.

Jumanne usiku mvua ikageuka theluji. Nipo barabara ya 252 naikaribia taa nyekundu, mwendo maili 25 kwa saa. Nakanyaga breki, nasikia ule mtetemo wa trrrr chini ya mguu, na gari linaendelea na safari kama halijaambiwa kitu. Nikapita mstari. Nikapita taa. Nikasimama katikati ya makutano, lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji linanijia na mataa yake yote, dereva anapiga honi iliyosikika mpaka Kisarawe. Nilimwita mama yangu, na mama yangu ni marehemu.

Tangu siku hiyo nasoma kila nikipata nafasi. Ile A mnajua inapimwa wapi? Kwenye lami na saruji iliyoloweshwa maji, breki ya njia iliyonyooka. Theluji haimo kabisa! Na zile M na S hazithibitishwi na jaribio lolote la theluji. Wanatazama umbo la mifereji na nafasi zake, basi, muhuri. Tairi iliyojaribiwa kwenye theluji ina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Mchoro huo upo tangu 1999. Nimezunguka gari langu na tochi ya simu, nimelala chini kwenye chumvi kutazama ubavu wa ndani, tairi zote nne. Mlima hakuna. Hata kichuguu hakuna!

Basi leo nikamwendea kwa adabu, nikamwamkia kwanza. Nikamwambia kaka, uliniuzia hizi kwa ajili ya theluji na hazina mlima. Hakuinamia hata tairi moja kuitazama. Akageukia wateja, akatabasamu, ndipo akasema lile neno. Bajaji. Hakunivutia pembeni. Mbele za watu!

KahawaChungu: Wueh! Bajaji? Mimi mwaka jana aliniambia nirudi Kisii nikaendeshe punda. Pole dadangu, wewe afadhali umepewa kitu chenye injini.

MzeeWaGia: Maili 25 kwenye theluji mbichi, taa iko mbele yako, halafu unalaumu mpira? Hapo hata tairi za trekta zingekukana. Na upepo ulipima? Baridi ikishuka nyuzi 10 za Fahrenheit tairi inapoteza kama psi moja ya upepo. Oktoba mpaka leo tumeshuka nyuzi ngapi? Ulikuwa unatembelea chapati.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Upepo napima kila Jumapili kabla ya misa, tairi zikiwa baridi. Na hata ningekuwa mjinga wa upepo, ndiyo niambiwe bajaji mbele ya watu?

FundiAsiyelala: Dada ana haki, ila aliomba kwa jina lisilo sahihi na yule bwana akalitumia. Ukisema "misimu yote" unapewa tairi ya jua, mvua na theluji ya kupangusa kwa kiganja. Mpira wake ukishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi unaanza kukauka, na Januari ya huku unakuwa kama kandambili iliyosahaulika nje. Alichohitaji ni zile za "hali zote za hewa". Hizo zina ule mlima, mpira wake unabaki laini kwenye baridi, zina mikato midogo midogo inayouma theluji, na unakaa nazo mpaka Julai bila kubadilisha. Breki zake kwenye barafu hazifikii tairi halisi za baridi, nisikudanganye. Lakini kwa mtu asiye na stoo ndizo hizo. Muuzaji anayejua kazi angekuuliza unatoka kazini saa ngapi kabla hajakuuliza una shilingi ngapi.

Mleta uzi: Nilimwambia saa! Nilimwambia mwenyewe saa kumi na moja alfajiri! Asante fundi.

MkiaUlinipita: Wewe alikuuzia nne. Mimi aliniuzia mbili, akazifunga mbele, eti kwa sababu gari langu linavuta mbele. Mbili mpya zinafungwa NYUMA! Mbele zikishika na nyuma zikaachia, mkia unakupita. Wangu ulinipita pale barabara kuu ya I-94 kwenye maji tu, wala si theluji, nikajikuta natazamana na magari niliyoyapita dakika moja nyuma. Nilipomrudia akasema nilikata kona kama naendesha mkokoteni. Bajaji, punda, mkokoteni. Huyu mtu ana kampuni ya usafirishaji kichwani.

MwanaBukavu: Miye waliniambia gari yangu inavuta miguu yote mine, haina lazima ya tairi ya theluji. Niliamini. Kuondoka, inaondoka vizuri sana. Kusimama sasa! Breki kila gari iko nazo mine, hata ile ya bei chini. Niliingia mu bustani ya mzungu moja na gari ya dola elfu makumi tatu.

Baridi_Montreal: Kwetu Quebec huyo asingekuuzia hizo kwa majira ya baridi. Kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 sheria inataka tairi za baridi, na M na S peke yake haipiti, lazima mlima. Hamieni huku.

KahawaChungu: Tuhamie Montreal juu ya tairi? Na Kifaransa je?

MzeeWaGia: Kabla hamjahama, chukueni sarafu ya robo dola mwiweke kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha Washington kikitazama chini. Nywele zake zikigusana na mpira, bado una 4/32 ya inchi, mvua unaiweza. Ukiona utosi wake wote, tairi imeisha kwa maji, na kwa theluji iliisha zamani. Wengi humu mna vipara na mnamcheka dada.

Mleta uzi: Zangu ni mpya mzee! Nimesoma zile namba nne za mwisho za tarehe pia, wiki na mwaka, ni za mwaka huu. Mifereji ipo. Kisichokuwepo ni mlima. Na heshima.

UsikuWaMinneapolis: Nyie mna bahati mnalalamikia tairi, mimi gari lenyewe sina. Limevutwa jana. Jiji limetangaza dharura ya theluji, yaani magari yapishe barabara zikwanguliwe, nikalaza gari mbele ya nyumba kama kawaida, kuamka nakuta shimo safi kwenye theluji lenye umbo la Corolla.

KahawaChungu: Ulikuwa upande gani?

UsikuWaMinneapolis: Upande wa nyumba zenye namba shufwa, siku ya pili ya dharura.

KahawaChungu: Si ndio hiyo! Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku, unatoka kwenye zile barabara kuu zinazokwanguliwa kwanza, pande zote. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi, unatoka upande wa shufwa kwenye barabara ndogo. Siku ya tatu unatoka upande wa witiri. Mimi wamenivuta mara mbili ndio nikajua.

MwanaBukavu: Na jirani yangu je? Nilikwangua nafasi ya gari saa nzima na koleo, nikaenda kutafuta maziwa ya mtoto, kurudi yeye amelalisha gari yake pale. Na anakuita ndugu kanisani!

MkiaUlinipita: Huyo ni wa kumwagia maji nyuma ya gari usiku. Asubuhi atalikuta limeganda pale mpaka Pasaka.

FundiAsiyelala: Msimwage maji, mtaanguka wenyewe.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye bajaji. Kesho naenda kudai dola zangu 520 na nataka mtu wa kunisindikiza. Nani anakuja?

UsikuWaMinneapolis: Dada ningekuja, lakini gari liko yadi ya jiji. Hivi ile siku ya tatu ni witiri pande zote mbili au?