Salesforce na Marketing Cloud zimeungana vizuri ila waliomaliza deni bado wanatumiwa ujumbe kwamba wanadaiwa

MbeziJuu_88

Habari za mchana wakuu. Naomba msaada, hii ni wiki ya pili nimekwama na hili jambo limeanza kuninyima usingizi.

Niko kampuni inayouza mitambo ya sola kwa mkopo, ofisi Mikocheni na duka kubwa lipo Kariakoo. Taarifa zote za wateja ziko Salesforce (mfumo wa kutunza kumbukumbu za wateja), yaani nani kachukua nini, kalipa kiasi gani, kabakiza ngapi, na malipo ya simu yanaingia humo yenyewe. Mwezi wa tatu tukaongeza Marketing Cloud ili barua pepe na SMS za kukumbusha zitoke zenyewe, maana wadada wa huduma kwa wateja walikuwa wanakaa na Excel kila asubuhi hadi macho yanawauma. Kazi ya kuunganisha nikapewa mimi. Nikaweka ile pakeji ya Marketing Cloud Connect, nikatengeneza yuza wa kuunganishia kila upande, nikachagua tebo ya wateja ije huku Marketing Cloud, sinki (kule kunakili taarifa toka Salesforce) ikakubali, hakuna erori hata moja, nikashukuru Mungu nikaenda nyumbani.

Sasa Jumanne iliyopita mama mmoja katoka Mbagala na magari mawili hadi dukani, risiti anayo mkononi, deni kamaliza tangu mwezi uliopita na sisi tumemtumia ujumbe mara tatu kwamba anadaiwa elfu 45. Hakugomba kabisa. Alikaa kwenye benchi akasema "wanangu, mimi nimejinyima miezi kumi na nane nilipe hiki kitu, sasa mnataka nini tena". Nilikuwepo. Nilikosa cha kumjibu.

Nilichoona mpaka sasa: Salesforce deni lake ni sifuri, Marketing Cloud bado 45,000. Sinki inapita kila dakika 15 na wateja wapya wanaingia freshi. Kitu cha ajabu, nikienda Salesforce nikambadilishia mteja namba ya simu tu, baada ya robo saa namba inabadilika huku NA DENI nalo linakaa sawa. Kama vile lilikuwa linasubiri kuamshwa.

Mengine mawili, sijui kama yanahusiana: kuna wateja wanaonekana mara mbili, na ule ujumbe wa "leo ndiyo siku yako ya kulipa" unawafikia watu siku ya pili yake. Mimi nauendesha saa mbili asubuhi kila siku.

kigamboni_feri

Cheki ruhusa za yule yuza wa kuunganishia mkuu. Kama haruhusiwi kuiona fildi ya deni basi haiji huku, na wala mfumo haukuambii. Mimi ilinisumbua siku nne hiyo.

MbeziJuu_88

Asante mkuu, nshaangalia, ruhusa anayo. Na ingekuwa ruhusa isingekuja hata ile nikibadili namba ya simu, au sio?

Dada_wa_Takwimu

Hiyo ya kubadili namba ya simu ndo jibu lako lenyewe kaka, umelishika mkononi bila kujua. Swali moja tu: hiyo fildi ya deni kwenye rekodi ya mteja, ni namba imeandikwa pale au ni fomula inayochungulia kwenye mkataba wake?

MbeziJuu_88

Ni fomula. Inavuta salio toka kwenye rekodi ya mkataba. Aliyetujengea mwanzo ndo aliiweka hivo.

Dada_wa_Takwimu

Basi tumefika. Ngoja nieleze taratibu maana hii inawapata wengi na hakuna erori inayotoka, ndo ubaya wake.

Sinki haichukui rekodi zote kila dakika 15, ingechukua zote ingekufa. Inauliza tu "tangu nilipokuja mara ya mwisho, rekodi zipi zimeguswa", na inajua rekodi imeguswa kwa kuangalia ule muhuri wa muda ambao Salesforce inaugonga kila rekodi ikihifadhiwa. Sasa fomula haihifadhiwi popote. Inapigwa hesabu pale pale mtu anapoifungua kuitazama. Mama kalipa, malipo yakaingia, rekodi ya MKATABA ikaguswa na muhuri wake ukagongwa, lakini rekodi ya MAMA mwenyewe hakuna aliyeigusa. Wewe ukiifungua kwenye skrini unaona sifuri kwa sababu fomula imehesabu muda ule ule unaangalia, ila sinki ikipita inaona muhuri wa zamani inaendelea na safari. Ulivyobadili namba ya simu ukawa umeigusa rekodi, ikabebwa nzima nzima, na fomula ikabebwa na thamani yake ya leo. Kwaiyo mfumo haujaharibika, unafanya kile ulichoambiwa, ila sisi huku tunasoma salio la mwezi uliopita tukidhani ni la leo.

Cha kufanya, acha kabisa kutegemea ile fomula. Leta tebo ya mikataba nayo isinki, chukua ile fildi ya salio ambayo ni namba halisi iliyoandikwa na malipo (hakikisha kweli ni namba, isije ikawa fomula nyingine juu ya fomula), halafu andika kwiri (maelekezo ya kuchota taarifa kwenye tebo) inayounganisha mteja na mkataba wake na kuweka majibu kwenye tebo ya kutumia ujumbe. Zile tebo zinazosinki hazitumiwi moja kwa moja kutuma ujumbe, ni ghala tu. Na kama unaandikia kwenye bizinesi yuniti ndogo (akaunti ya tawi chini ya akaunti kuu) usisahau kutanguliza ENT. mbele ya jina la tebo, bila hiyo itakwambia tebo haipo na utajiona mchawi kakuingilia. Kwiri ina dakika 30 tu za kuishi, ikizidi inakatwa, kwaiyo chagua fildi unazohitaji, usivute kila kitu.

Na otomesheni ipange hivi, kwiri kwanza, ikimaliza ndo kutuma. Usiweke kwiri saa moja na kutuma saa mbili kila kimoja na ratiba yake ukaamini vitapatana.

Hayo ya kurudiwa na ya siku nawaachia wengine, niko kwenye mwendokasi hapa simu inaisha chaji.

MbeziJuu_88

Dada ubarikiwe sana. Nimesoma mara tatu. Yaani wiki mbili nahangaika na paswedi na ruhusa kumbe fomula!

mzee_wa_API

Nichukue hapo kwenye siku, maana ni rahisi kuliko inavyoonekana. Seva za Marketing Cloud zinaishi kwa saa za katikati ya Marekani, masaa 6 nyuma ya saa ya dunia, na hazibadiliki kiangazi wala baridi. Sisi tuko masaa 3 mbele. Jumla tofauti ni masaa 9 mwaka mzima. Kwaiyo ukiendesha kwiri saa 2 asubuhi hapa Dar, kule ni saa 5 usiku wa JANA, na ukiiuliza kwiri "leo ni tarehe ngapi" inakujibu ya jana, inakuletea waliotakiwa kulipa jana. Siku ya kule inaanza kwetu ikigonga saa 3 kamili asubuhi. Kwenye GETDATE (ile amri ya kwiri inayouliza tarehe na saa ya sasa) ongeza masaa 9 kila mahali unapoitumia, na usijaribu kukwepa kwa kuhamisha ratiba iwe saa 4, maana siku bosi akitaka ujumbe utoke alfajiri tatizo linarudi na wewe ushasahau kwanini.

Na mkipanga ratiba na wenzenu andikeni kwa masaa 24. Pale kwetu mtu aliambiwa "saa tatu" akaweka 03:00, wateja wakapigwa na ujumbe usiku wa manane.

Mwenge_Mkuu

Hilo la wateja kuonekana mara mbili ndo kubwa kuliko yote mkuu, na nakushauri usilipeleke mwisho. Nenda Contact Builder (sehemu ya Marketing Cloud ya kusimamia orodha ya watu) ukatazame zile sabskraiba kii, yaani namba za kumtambulisha kila mtu. Zinazoanza na 00Q ni lidi, yaani mtu aliyeulizia tu. Zinazoanza na 003 ni mteja kamili. Mtu akija dukani kuulizia anaandikwa kama lidi, mnamtumia ujumbe wa kwanza, anahesabiwa. Akinunua, Salesforce inamgeuza kuwa mteja na kumpa namba mpya kabisa, mkimtumia ujumbe kwa namba mpya anahesabiwa tena. Kwa Marketing Cloud hao ni watu wawili na malipo yenu yanaendana na idadi ya watu, kwaiyo mnalipia mtu mmoja mara mbili. Ila mimi hela sio inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba yule wa 00Q anaendelea kuishi peke yake huko. Mteja akisema msinitumie tena, mnamzuia wa 003, na yule wa 00Q anaendelea kupokea.

Kwanini iko hivi, ni kwa sababu hii mifumo haikuzaliwa nyumba moja. Marketing Cloud ilikuwa kampuni yake inaitwa ExactTarget, ya Indianapolis, imeanzishwa 2000, Salesforce wakainunua 2013 kwa kama dola bilioni 2.5. Kila mmoja alikuja na hifadhidata yake na namna yake ya kumtambua mtu. Marketing Cloud Connect ni daraja kati ya nyumba mbili, na daraja halijui kwamba aliyepita asubuhi na aliyepita jioni ni mtu mmoja kabadili shati. Hilo lazima muamue nyie wenyewe, kabla hamjasinki hata rekodi moja.

Sasa kwa kuwa mshasinki: tafuta kwanza 00Q zote ambazo kule Salesforce zimeshageuzwa (rekodi ya lidi ina namba ya mteja aliyetokana nayo), acha kuzituma, halafu zifute ndani ya Contact Builder. Kumfuta mtu Salesforce HAKUMFUTI Marketing Cloud, lazima ufute huku huku, na uhakikishe sinki haimleti tena kesho. Mbele ya safari, kama mnaweza, lidi zisiingie Marketing Cloud mpaka mtu awe kanunua, au mjitengenezee namba yenu moja ambayo haibadiliki toka anaulizia hadi anamaliza deni.

La mwisho, ukilinganisha namba hizi tumia zile za herufi 18. Zile za 15 zinatofautisha herufi kubwa na ndogo, na VLOOKUP ya Excel (ile fomula ya kutafuta) haitofautishi, unaweza kumbebesha mtu deni la jirani yake bila kujua.

kigamboni_feri

Na namba za simu wakuu, msisahau. Excel inakula sifuri ya mwanzo, 0754 inakuwa 754, au inakugeuzia kuwa 2.55754E+11. Sisi tuliamua zote ziingie Salesforce zikiwa zinaanza na 255, anayeandika 07 au 06 mfumo unamkatalia pale pale kaunta. Toka siku ile kurudiwa kumepungua sana maana tunamtambua mtu kwa namba.

Sheria_na_Data

Mimi sio fundi ila nafanya kazi upande wa uzingatiaji wa sheria, nimeona Mwenge_Mkuu kagusa la mteja kusema msinitumie tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inampa mwenye taarifa haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Kampuni inayokusanya taarifa za watu inatakiwa iwe imesajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Seva zenu ziko nje, kwaiyo hilo swali waulizeni wanasheria wenu sasa, msisubiri mpaka mtu alalamike.

Naomba kuuliza mafundi: mteja akijibu SMS kwamba hataki, hilo jibu linafika wapi?

mzee_wa_API

Swali zuri sana hilo. Ile alama ya kujitoa inayopita kwenye daraja yenyewe ni ya barua pepe tu. SMS kama mnatuma kwa API (njia ya mifumo kuwasiliana) ya mtoa huduma wa hapa nyumbani, jibu la mteja linaishia kwa mtoa huduma, halirudi popote mpaka wewe uandike njia ya kulirudisha. MbeziJuu tengeneza fildi Salesforce kwenye rekodi ya mteja, "hataki SMS", tiki ya kawaida na SIO fomula, majibu yaandikwe pale, na kila kwiri ya kutuma ianze kwa kuiangalia hiyo. Wateja wetu wengi barua pepe hawafungui, SMS ndo mlango wao, na ndo mlango tuliouacha bila komeo.

MbeziJuu_88

Wakuu narudi na mrejesho, siku nne baadaye.

Jumatano nilizima ujumbe wote wa kukumbusha, bosi hakupenda ila nilimwonesha risiti ya yule mama, akaelewa. Nikaleta tebo ya mikataba. Nikakuta kweli salio ni namba halisi, dada ulinitahadharisha vizuri. Kwiri mwanzo ilikatwa maana nilivuta fildi zote, nikapunguza zikabaki sita inamaliza dakika mbili. ENT. nilisahau kama ulivyosema. Masaa 9 nimeyaweka, Alhamisi nililinganisha majina ya waliotakiwa kulipa na daftari la Kariakoo, yamekaa sawa wote.

Watu waliokuwa wamemaliza deni na bado wapo kwenye orodha ya kudaiwa walikuwa 212. Sio mama mmoja. Wengine 211 walikaa kimya tu huko waliko. Tumeanza kuwapigia mmoja mmoja kuomba radhi, tuko watatu, leo tumefika 90 na kidogo.

00Q bado, ni nyingi, nitaanza Jumatatu, nikikwama nitarudi hapa hapa. Fildi ya "hataki SMS" imeshakuwepo ila majibu tunayaingiza kwa mkono kwanza kila jioni mpaka njia ya kurudisha ikamilike.

Yule mama wa Mbagala nilimpigia wa kwanza kabisa. Akauliza "kwaiyo sidaiwi?" nikamwambia hudaiwi mama. Leo asubuhi kabla ya kuruhusu ujumbe kutoka nimelitafuta jina lake kwenye orodha mara mbili. Halimo.